Misaada Cabo Delgado: Maputo ilifungua mlango, vijiji vikasita

Kimbunga Kenneth kilipopiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, upepo wake ulizidi kilomita 200 kwa saa. Macomia, Quissanga na kisiwa cha Ibo viliathirika vibaya, na watu zaidi ya 40 walifariki dunia. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu kimbunga Idai kiiangamize Beira.

Serikali ya Msumbiji iliomba msaada wa kimataifa. Haikufanya kama watawala wa kijeshi wa Myanmar, ambao baada ya kimbunga Nargis cha Mei 2008 waliwazuia wageni kwa wiki kadhaa. Meli za kivita za Marekani na Ufaransa zilisubiri baharini zikiwa na misaada, lakini hazikuruhusiwa kuishusha huko. Waliokufa au kupotea walizidi 130,000.

Hata hivyo, mzigo kuruhusiwa bandarini ni jambo moja, na kupokewa kijijini ni jambo jingine. Mapema Mei 2019 kipindupindu kilithibitishwa Cabo Delgado, na dawa ya kutibu maji ikahitajika kwa haraka. Dawa hiyo ina historia mbaya huko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Nampula na Cabo Delgado zimeshuhudia ghasia dhidi ya wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa, wakituhumiwa kutia ugonjwa visimani. Kwa Kireno klorini ni cloro, na kipindupindu ni cólera. Kwa msemaji wa Kimwani au Kimakua, maneno hayo yanakaribiana mno.

Lakini lugha peke yake haitoshi kueleza. Mwanasosholojia wa Msumbiji, Carlos Serra, alionyesha kuwa chini ya uvumi huo kuna wananchi maskini wasioiamini dola. Anayeonekana kijijini siku ya maafa tu, akiwa na gari jipya na orodha ya majina, hawezi kuaminiwa siku hiyo hiyo.

Shaka hiyo inaua. Aprili 2024, mashua iliyojaa watu ilizama karibu na Ilha de Moçambique mkoani Nampula. Zaidi ya 90 walikufa. Wakuu wa huko walisema wengi walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, somo liko wazi. Katika pwani iliyoanza kushambuliwa na watu wenye silaha Oktoba 2017, lori au jahazi geni hutiliwa shaka na askari na wanakijiji pia. Anayekodiwa kubeba misaada ajue amebeba nini, awe na hati zilizokamilika, na ahakikishe viongozi wa kijiji wamearifiwa kwa lugha yao kabla mzigo haujafika.

Nayo mashirika yawatumie wenye vyombo na maduka wanaofahamika huko mwaka mzima. Klorini ile ile, ikitoka mkononi mwa muuza duka anayejulikana, ina nafasi kubwa zaidi ya kufika mtungini.