Mia kwa mia si salama kwa mtoto njiti

Huku Ruhwa, mpakani mwa Rwanda na Burundi, mama akijifungua kabla ya siku zake, ndugu wakisikia mtoto amewekewa oksijeni hupumua. Wana haki, maana njiti wengi wangekufa bila hiyo. Lakini yapo maneno yanayorudiwa kuhusu oksijeni ambayo yanagharimu macho ya watoto.

La kwanza: oksijeni ni hewa tu, haizidi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Inayotoka kwenye mtungi au mashine bila kuchanganywa na hewa ya kawaida hupita 90. Mishipa ya retina ya njiti haijamaliza kukua. Oksijeni ikizidi, ukuaji husimama. Baadaye mishipa mipya huota ovyo na inaweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Daktari Terry wa Boston aliueleza upofu huu mwaka 1942. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne aliishuku oksijeni, na majaribio ya Marekani yakathibitisha. Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa waliopofuka.

Nisilovumilia kabisa ni hili: "Oksimita inasoma 100, mtoto yuko salama." Fikiria debe la maji. Likishajaa, ukiendelea kumimina, bado utasema limejaa, hutajua umemwaga kiasi gani. Ndivyo kilivyo kifaa kile kinachofungwa mguuni: kinaonyesha damu imejaa oksijeni, hakionyeshi ziada. Mtoto anayevuta hewa ya kawaida akisoma 100, hakuna neno. Anayepewa oksijeni akisoma 100, apunguziwe.

Wengine hujibu, basi tuibane. Ilibanwa miaka ya 1950, na watoto wakafa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulilinganisha njiti waliowekwa kwenye kipimo cha oksimita cha 85 hadi 89 na wale wa 91 hadi 95. Katika kundi la chini walioumia macho walikuwa wachache zaidi, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi. Ndiyo maana leo wengi hulenga 90 hadi 95.

Kwamba muuguzi mzoefu hahitaji kengele ya oksimita? Mtoto aliyepungukiwa hugeuka bluu. Aliyezidishiwa hana rangi yoyote ya kumsaliti. Kengele ya juu iwekwe 95, isizimwe kwa sababu inasumbua usiku, na anayeisikia apunguze oksijeni kidogo kidogo, asiifunge ghafla.

Nako kusema ugonjwa huu wa macho ni wa vichanga vidogo mno vya Ulaya si kweli. Hospitali za Kigali ziliupata hata kwa watoto waliozaliwa baada ya wiki 30. Kwa hiyo mama wa Ruhwa aliyejifungua njiti asiondoke wodini kabla ya kuuliza: macho ya mwanangu yatapimwa lini, na wapi? Kwa kawaida ni yapata wiki 4 baada ya kuzaliwa, hata kama macho yanaonekana safi. Msichelewe: matibabu ya leza huokoa macho yakiwahi, na kutoka hapa hadi Kigali kuna msitu mzima wa Nyungwe wa kuvuka.