Bibi Harusi wa Kahama, Beba na Cherehani

Tumeshawashonea mabinti wa hapa visiwani walioposwa Kahama na Geita, na kila mara maneno ni yale yale: "Huyo kaenda kuoga dhahabu!" Sisi tunaopima viuno vya mabibi harusi tunasikia mengi, na hili hatukubaliani nalo.

Kahama si machimbo tu. Iko mkoa wa Shinyanga, ilipandishwa kuwa manispaa 2021, na sensa ya 2022 iliikuta na watu wengi kuliko Manispaa ya Shinyanga yenyewe. Mabondeni kuna majaruba ya mpunga. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita huko. Wenyeji ni Wasumbwa na Wasukuma, lakini mitaa kama Nyihogo na Majengo ina watu wa kila kabila. Mji wa wageni ni mji wa harusi, na harusi inataka gauni, sare na mitandio.

Dhahabu nayo huisha. Mgodi wa Buzwagi, jirani kabisa na mji, ulianza kuzalisha 2009 ukafungwa 2021. Miaka kumi na miwili tu, shoga! Hebu mfikirie mke ambaye hakuwa na kingine ila mshahara wa mume wa mgodini.

Na kama mchumba ni mchimbaji mdogo, muulize mapema dhahabu anaichomea wapi. Wengi huinasa kwa zebaki kisha wakaichoma, wengine nyumbani hapo hapo. Moshi ule ni sumu, na kwa mjamzito hufika hadi kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki 2020, lakini mkataba hauingii jikoni kwako. Hilo liseme kabla ya akdi, usingoje mimba.

Mahari ya dhahabu ipokee, ni haki yako peke yako. Ila taja na cherehani humo humo. Kuna wazazi wataona haya, eti binti ataonekana mwenye shida. Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa tajiri wa biashara. Nani alimwona mwenye shida?

Taja ile ya umeme yenye kudarizi. Na nyuzi za kung'ara zinunue Darajani kabla hujapanda boti.