Barua ndani ya daftari la hisabati

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kalamu kwenye begi la binti yangu wa kidato cha kwanza. Nikakuta barua ya mvulana, imekunjwa ndani ya daftari la hisabati. Hasira zilinipanda, nikataka kumwita palepale. Aliyenizuia ni Zakaria.

Waliosoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi wanamjua. Ni baba mlevi wa Ukerewe, aliyempiga vibaya bintiye kwa sababu ya barua kama ile. Rosa akaenda sekondari akiwaogopa wavulana. Baadaye chuoni, alipojikuta mbali na kipigo cha baba, hakujua kujizuia, na mwisho wake unatisha. Kitabu kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, eti kitawaharibu watoto. Mimi nadhani kiliwaaibisha wazazi.

Maana katika vitabu vyetu vingi mtoto ni wa kuambiwa tu. Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi mzima wa mawaidha. Yalikuwa mapenzi ya mama, sikatai. Anamwita asogee, achukue wino na karatasi. Lakini anayesema ni mama, mwanzo mpaka mwisho. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia wake, Adili. Mawaidha mazuri, nami niliyakariri shuleni. Watoto wenyewe walijibu nini? Hatusikii. Kezilahabi yeye alituingiza ndani ya woga wa msichana, tukaona fimbo inavyoonekana ukiwa upande wa kupigwa. Ndiyo maana wengine bado hawapendi kitabu kile kiwe mikononi mwa mabinti zao. Mimi ningewapa baba zao kwanza.

Basi niliirudisha barua mahali pake, nikangoja jioni. Tulikuwa jikoni tunachambua mchicha, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, au niliyodhani ni ya kawaida.

"Si yangu, mama. Ni ya rafiki yangu, anaogopa baba yake asije akaiona."

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Akanyamaza, akachuma majani mawili matatu, kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Ingekuwa yangu, ungenipiga?"