Programu Ikimegwa, Hati Zisomwe Kwanza

Wananchi wa Masasi na Newala wanajua maana ya kumega. Tandahimba ilimegwa kutoka Newala, na Nanyumbu kutoka Masasi. Kila wilaya mpya inapozaliwa huulizwa majengo ni ya nani na madeni ni ya nani. Kinachotolewa huku hupungua kule.

Programu huria za kompyuta haziendi hivyo, na watendaji wa Bara na Visiwani hawana budi kulifahamu jambo hili. Msimbo wa programu ukinakiliwa haupungui. Lakini jina na hakimiliki hubaki kwa mwenyewe.

Mfano tunao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mama yake, OpenOffice, alikuwa mali ya kampuni ya Sun, iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010. Septemba mwaka huo baadhi ya watengenezaji walijitenga. Leseni iliwaruhusu kuondoka na msimbo wote, ila jina hawakupewa. Wakaiita programu yao LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle, kwa kuwa ilishika hakimiliki, iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, ikatolewa kwa leseni nyingine. Waliojitenga hawakuwa na mamlaka ya kubadili leseni ya kazi ya Oracle waliyoichukua.

Jambo hili linatuhusu. Zahanati za Newala na za Pemba hutoa taarifa zake kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Vijana wetu wanaiongezea sehemu mpya. Sehemu hizo zikisimama peke yake kesho, mwenyewe atakuwa nani: wizara, chuo, mfadhili au mtunzi? Sheria ya Hakimiliki ya Bara ya 1999 na ile ya Zanzibar ya 2003 zinalinda programu. Hata hivyo, mkataba ukinyamaza, ugomvi hauna budi kuzuka.

Kwa hiyo tunawataka wanasheria wa serikali zetu zote mbili wahakikishe kuwa kila mkataba unataja mwenye hakimiliki ya kila sehemu, leseni yake na mwenye jina, na kwamba majina ya watunzi wa awali hayafutwi. Haya yaandikwe kabla fedha hazijatolewa.