Soko la Darajani na Wachuuzi Wake
Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904 ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, karibu na palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga mji huo na Ng'ambo, yaani mitaa ya wananchi wa kawaida upande wa pili wa maji, lingali likiwalisha wakazi wa pande zote mbili. Chini ya paa lake samaki huuzwa kwa mnada, ambao ni uuzaji wa kushindania bei hadharani: dalali hutandaza pweza, changu na vibua, hunadi kwa sauti, na anayefikia bei ya juu huondoka na fungu lake. Mgeni anayepita haraka akipiga picha za mdalasini na karafuu hulikosa soko lenyewe, kwa kuwa uhai wake umo katika mapatano hayo ya bei. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nao ulistahili kabisa. Hata hivyo, ukarabati utakaowapandishia wachuuzi kodi hadi wahame utakuwa umehifadhi kuta na kuliua soko, hivyo wenye mamlaka wawasikilize wachuuzi kwanza.