Kabla ya kumkataza mama kuni, halmashauri zijihesabu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeiinua mbingu na kuweka mizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mwaka 2023 Serikali yetu iliagiza taasisi zote zinazopika chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Agizo hilo limezigusa shule, hospitali, magereza, vyuo, na hata madrasa zetu za bweni. Lengo lake ni jema. Lakini katika mkoa kama Simiyu, lengo jema likitekelezwa bila hesabu linaweza kumwangukia mtu ambaye hana mgongo wa kulibeba.

Tuitazame hali ilivyo. Katika shule nyingi za vijijini chakula cha mchana hutokana na michango ya wazazi: mahindi, maharage, na pamoja na hivyo kuni. Kuni hizo mara nyingi hubebwa na mama, au na mtoto mwenyewe anapokwenda shule. Kuni zikikatazwa na gesi isinunuliwe, moja ya mambo mawili hutokea: ama kuni huingia kwa mlango wa nyuma, na agizo likawa maandishi matupu, ama sufuria huteremshwa na watoto wakasoma kwa njaa. Yote mawili ni madhara, na kanuni ya fiqhi inatufundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: halmashauri, ambayo ndiyo yenye shule, zahanati, magari, ofisi na dampo, imekwisha kuutazama moshi wake yenyewe? Mwenyezi Mungu, katika Surat al-Baqara aya ya 44, anawakemea wanaoamrisha watu wema na kujisahau nafsi zao. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkurugenzi ni mchunga, diwani ni mchunga, na mwalimu mkuu vilevile.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Una halmashauri sita: Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye mvua za kusuasua. Wazee wake wanajua maana ya kupoteza miti, kwani katika zama za ukoloni mapori ya Usukuma yalifyekwa ili kumwangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo mingi yakamaliza yaliyobaki. Ndipo mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mpaka ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Siri ya HASHI ilikuwa kuufufua utaratibu wa Wasukuma wenyewe uitwao ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa masika ili liwafae mifugo wakati wa kiangazi. Sisi Waislamu utaratibu huu si mgeni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqi' kuwa hima, na Umar bin al-Khattab (R.A.) akaitenga Rabadha. Umar alipomweka Hunayy kuisimamia hima, alimuusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie mifugo wa matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Kwa kuwa matajiri wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia, ama maskini hana pa kwenda. Tazama hekima hiyo: mazingira yalihifadhiwa, na mzigo wa kuyahifadhi ukaanza kwa mwenye nguvu. Hiyo ndiyo kanuni inayopasa kuongoza agizo la kuni.

Basi halmashauri ianzie wapi? Ianze kwa kuhesabu, kwani kisichoandikwa hakipunguzwi. Milango ambayo hewa ukaa ya halmashauri hutokea ni minne: magari, majiko ya taasisi zake, umeme na jenereta, na taka.

Kwanza ni magari. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuchukue mfano wa gari linalotumia lita 100 kwa wiki: kwa mwaka ni lita 5,200, nayo ni karibu tani 14 za hewa ukaa. Magari kumi ya namna hiyo ni tani 140, na pamoja nazo fedha za umma zilizoungua. Dawa yake haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Safari mbili za njia moja ziunganishwe ziwe moja. Vikao vinavyowezekana kwa njia ya mtandao vifanywe hivyo. Gari litengenezwe kwa wakati. Na gari la ofisi lisipeleke mizigo ya harusi. Imepokewa katika sira ya Umar bin Abdulaziz kwamba aliizima taa ya Hazina ya Waislamu mazungumzo yalipogeuka kuwa ya binafsi, akawasha yake. Mafuta ya taa ile yalikuwa kidogo sana kuliko tangi la gari la leo, lakini amana haipimwi kwa ujazo.

Pili ni majiko, na hapa ndipo penye uzito wa mambo. Shule iliyo karibu na nguzo ya umeme inaweza kupikia majungu ya umeme. Na umeme wa gridi yetu sasa una sehemu kubwa ya maji: mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikakamilika 2025. Gesi ya mitungi nayo inaokoa miti na mapafu ya wapishi, ingawa tusidanganyane: nayo ni mafuta ya ardhini na ina kaboni yake, hivyo ni daraja la kuvukia tu. Shule yenye ng'ombe jirani inaweza kuchimba mtambo wa biogesi, na samadi katika Simiyu haikosekani.

Lakini iko hazina nyingine ambayo huteketea kila mwaka mbele ya macho yetu. Kanuni za kilimo cha pamba humtaka mkulima ang'oe masalia ya pamba baada ya mavuno na kuyateketeza ili kuua wadudu. Moto ule huwaka shambani pasipo kuchemsha hata kikombe cha uji. Masalia hayo yakikusanywa mapema, yakachomwa kitaalamu na kusindikwa kuwa mkaa mbadala, wadudu watakufa na majiko ya shule yatapata nishati bila mti kukatwa. Nani atafanya kazi hiyo? Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, nayo haina riba, jambo ambalo Muislamu anapaswa kulishukuru na kulitumia. Vikundi vya akina mama walewale waliokuwa wakibeba kuni vikopeshwe mashine, na shule ziwe wateja wao wa kwanza. Mama atakuwa hakukatazwa tu. Atakuwa amepewa badala.

Tatu ni umeme na jenereta. Zahanati inayolindia chanjo kwa jenereta hulipa mafuta kila mwezi, ilhali jua la Meatu na Maswa halitozi ankara. Umeme wa jua juu ya paa la zahanati na ofisi za kata hupunguza moshi na humzalisha mama usiku pasipo kutegemea kibatari. Majengo mapya nayo yachorwe yenye madirisha mapana na vibaraza, ili yasidai viyoyozi.

Nne ni taka. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni mabaki ya vyakula na majani. Yakirundikwa dampo na kuoza pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo. Yakitenganishwa sokoni na kuozeshwa kwa kugeuzwageuzwa, huwa mboji ya bustani na ya miche. Na tukitaja miche, kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mti anaoupanda Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Lakini mche unaokufa kiangazi baada ya kupigwa picha hauwalishi hao. Ihesabiwe miti iliyopona, si iliyopandwa.

Atasema msemaji: Simiyu ina moshi gani ukilinganishwa na wa Ulaya, China na Marekani? Ni kweli, na haki hiyo tuidai. Ndiyo maana mwaka 2017 Mfuko wa Kimataifa wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya Yuro milioni 100, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani, kwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu na kuwasaidia wakulima kuhimili ukame. Lakini anayedai haki yake nje hana budi kuitekeleza ndani. Halmashauri isiyojua inachoma lita ngapi itasimama na hoja gani mbele ya mfadhili, au mbele ya mzazi wa Itilima aliyeambiwa asilete kuni?

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kila mwaka, bajeti inapojadiliwa, Mkurugenzi awasilishe mbele ya Baraza la Madiwani ukurasa mmoja: lita za mafuta, uniti za umeme, kuni zilizotumika katika kila shule na hospitali, na miti iliyopona. Akiba itakayopatikana katika mafuta ya magari ielekezwe waziwazi kwenye majiko ya shule. Na agizo la kuni litekelezwe shule kwa shule: jiko jipya liwake kwanza, ndipo kuni zikatazwe.

Nasi maimamu tusijitoe. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Taa na feni za msikiti zinazoachwa zikizunguka baada ya Isha, na mabomba yanayomwaga maji wakati wa udhu, ni israfu iliyokatazwa katika Surat al-A'raf aya ya 31.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape viongozi wetu uadilifu wa kuanza na nafsi zao, na aijaalie mvua ya Simiyu kuwa ya rehema. Wabillahi tawfiq.