Shemeji kampa Windows talaka!

Wiki jana sikuonekana, na wapo waliomtumia mhariri salamu eti nimevuta mshiko nikaingia mitini. Wapi! Nilikuwa kibandani kwa shemeji yangu, nimepiga magoti chini ya meza natafuta pa kuchomeka waya. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Shemeji yangu huyu, mke wa kaka, ana steshenari huku kwetu uswahilini. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anaprinti CV, anatengeneza kadi za michango ya harusi, na msimu ukifika anajaza fomu za mkopo wa chuo. Mtaji wake ni mashine moja ya fotokopi, printa moja, na laptopu moja ya mtumba, chipu yake Intel ya kizazi cha 6, ramu GB 4. Hiyo laptopu ndiyo inayolipa pango la fremu na ada za watoto wawili. Nataka unielewe hapo, maana watu wakisikia habari za kompyuta wanadhani ni anasa za watoto wa Masaki.

Sasa laptopu ile ilikuwa na Windows 10, na kama ilivyo kawaida ya Bongo, haikuwa imenunuliwa. Fundi aliipachika tu, akaweka na kile kiprogramu cha kuidanganya ijione imelipiwa. Simlaumu, kwani mimi na wewe tulinunua lini? Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaiachisha Windows 10 ziwa, yaani matengenezo ya kawaida ya usalama yakakoma. Anayeitaka bado akaambiwa ajiandikishe aongezewe muda hadi Oktoba 2026, la sivyo ahamie Windows 11. Na hiyo Windows 11 ina maringo kama bibi harusi wa Kimanga! Inataka chipu za Intel kuanzia kizazi cha 8, inataka na kidude cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Shemeji na kizazi chake cha 6, ndo kashaambiwa abaki nje ya ukumbi asikilizie muziki ukutani.

Angeweza kuendelea kimyakimya kama wengine. Tatizo steshenari ni kama stendi ya mabasi, kila flashi ya mjini inapita pale, na kila flashi ina ugonjwa wake. Basi asubuhi moja akafungua laptopu, akakuta kila faili limeongezewa jina la ajabu mwishoni, halifunguki, na katikati ya kioo kuna barua ya Kiingereza inadai dola. Violezo vya kadi, kwaheri. CV za wateja, kwaheri. Na ripoti ya fildi ya binti mmoja wa chuo, kurasa 60, aliyoichapa kutoka kwenye mwandiko wa mkono ikawa imekwisha kabisa, nayo kwaheri. Ilitakiwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Binti alilia pale kibandani mpaka watu wakajaa. Shemeji hakusema neno. Alifunga mlango mapema, akaazima kompyuta ya jirani, akakesha siku mbili kuichapa upya bila kudai hata senti. Mwandiko wenyewe, nimeuona, kama nyayo za kuku. Ijumaa saa nne asubuhi binti akaondoka na ripoti yake, na shemeji akanigeukia akiwa na macho mekundu, "Shem, wewe si unajifanya unajua kompyuta? Nisaidie, au nirudi kukaanga mihogo."

Nikamtajia Linux. Akaniuliza, "Hiyo ni ya Wachina?"

Nikamwambia hapana, ilianza mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini, Linus Torvalds, kisha watu wa dunia nzima wakaingiza mkono, na mpaka leo ni ya bure. Si ya bure ya wizi kama ile ya fundi, ni ya bure ya halali. Simu yake mwenyewe ya Android imejengwa juu ya hiyohiyo Linux, kwa hiyo kaishika mkononi miaka yote bila kujua. Tena hata Afrika tumo. Ubuntu, moja ya Linux zinazotumiwa sana, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Sisi tulikuwa tunahangaika kutafuta namba za siri za programu za wizi!

Akasema haya, weka. Nikachukua Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi kwa mashine za kizamani. Ni karibu GB 3, nikaishusha kwa bando la usiku, nikaipandisha kwenye flashi ya GB 8. Uzuri wake, unaiwasha palepale kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, unaiona sura, unajaribu sauti, waifai na printa, ukiipenda ndo unaiweka. Mnaotaka kujaribu, msiruke hatua hiyo. Na vitu vyenu vihamisheni kwanza kwenye diski nyingine, maana ukijibu vibaya swali moja wakati wa kuiweka, inafuta yote. Shemeji hakuwa na cha kufutwa.

Nisiwafiche, kizaazaa kilikuwepo. Waifai iligoma kabisa. Ikabidi nichomeke simu yangu kwa waya wa USB, laptopu ikala intaneti ya simu, nikafungua sehemu ya draiva, ikajitafutia yenyewe, waifai ikafufuka. Printa ndo ilitutesa siku mbili, na shemeji alinitolea maneno ambayo mhariri hatayapitisha.

Halafu wateja. Mtu analeta CV kaichapa kwa Word na herufi za Calibri, ikifunguliwa kwa LibreOffice mistari inahama, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo. Dawa ni kuweka fonti ya Carlito, ambayo imepimwa upana sawa na Calibri, na kumwambia mteja alete kazi yake kwa PDF. Photoshop nayo haiji, usipoteze muda. Shemeji alizoea kubadilishia humo rangi ya nyuma kwenye picha za pasipoti, sasa akapewa GIMP ambayo vitufe vyake vimekaa kwingine kabisa. Wiki nzima alikuwa anaitukana. Siku ya sita alimpigia fundi aje amrudishie Windows yake.

Fundi akaja mbio, si unajua tena. Kila mwezi alikuwa anachukua hela ya kuisafisha laptopu ile, kwa hiyo Linux kwake ilikuwa njaa. Akamwambia, "Mama, hii ni ya wahaka, watakukamata." Jamani! Angekuwa mkweli angemwambia wapo waliohama wakarudi. Jiji la Munich kule Ujerumani liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, na mwaka 2017 likaamua kurudi Windows. Hiyo ni hoja. Wahaka si hoja.

Bahati yangu, fundi akiwa palepale akaingia kijana na flashi yake, jasho linamtoka. Kazi zake zote zimepotea, kabaki na vialama vya njia ya mkato visivyofungua kitu. Shemeji akaichomeka. Virusi wale huyaficha mafaili kwa alama ambayo Windows inaiheshimu, Linux haina habari nayo. Folda zote za kijana hizo hapo, zimejipanga kama wanafunzi mstarini, na kirusi chenyewe kimekaa pembeni hakina pa kushika kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Shemeji akakifuta kama anafuta vumbi. Kijana alitoa elfu mbili mwenyewe bila kuulizwa. Fundi akaaga.

Sasa ubao wa kibanda umeongezwa mstari: "Tunafufua flashi." Si kwamba Linux haina magonjwa, na ndiyo maana kila jioni shemeji ananakili kazi za siku kwenye diski ya nje, anaichomoa, anaondoka nayo kwenye pochi. Anayenuna ni mwanawe wa kwanza, ambaye gemu lake la mpira la Jumamosi halifunguki, na baba yake anamuunga mkono kwa sababu ambazo hataki kuzitaja.

Juzi simu yangu imelia saa nne usiku. "Shem, kadi ya harusi ya watu herufi zimepandana, wanaifuata asubuhi." Nikavaa ndala.